Gari Lililonivunja Mguu Bila Kunigusa

Ninyi mnaosimamisha malori hapa kwenye kona, mkanywa chai yangu na kula ndizi zangu za kuchoma, halafu mkishapanda garini mnaiga ninavyochechemea, nawasikia. Masikio hayakuvunjika. Uliovunjika ni mguu wa kulia, na leo nawaandikia ulivyovunjika na nani aliuvunja, kwa jina lake, ili siku mmoja wenu atakapoanguka wasimfanye mjinga kama walivyotaka kunifanya mimi.

Juzi kijana mmoja wa lori la mbao aliniuliza kwa nini pikapu ya Laurenti Kaijage, mnunuzi wa kahawa wa Kamachumu, ikifika hapa inapanda majani wakati barabara yote ni tupu. Nilimwambia anywe chai yake kabla haijapoa. Jibu lake ni refu, haliwezi kuisha kikombe kimoja.

Shule nilisoma kidogo. Misheni walinifundisha kusoma Injili na kujumlisha, baba akaona inatosha, kibanja cha migomba kinataka mikono. Kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Na msiniite mzee. Wenzangu niliobatizwa nao bado wanapanda juu ya magunia. Mimi nimeacha kazi kwa sababu niliachishwa, na aliyeniachisha hakuwa hata tajiri wangu.

Kazi yangu ilikuwa utaniboi. Ninyi mkisikia taniboi mnafikiri ni yule anayekaa kabini karibu na dereva, anakula mahindi, akifika anafungua turubai. Sisi tulikuwa tunasimama nyuma, kwenye kibao, mkono mmoja umeshika mnyororo, mwingine umekumbatia gogo. Malori ya wakati ule, mara tu baada ya vita ya Hitla, breki zake zilikuwa kama ahadi ya mlevi. Kwenye mteremko huu wa Kamachumu kushuka Muhutwe, kilichokuwa kinazuia lori na kahawa yote ya watu isiende kuanguka bondeni ni gogo, na mtu wa kuliweka gogo.

Aliyenifundisha ni Ta Ishengoma, taniboi wa zamani, mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole pungufu. Hakuhitaji kunieleza vilikwenda wapi. Siku yangu ya kwanza tulikuwa tunapanda, lori likaishiwa nguvu, nikaruka chini kwa bidii yote na kuweka gogo mbele ya gurudumu.

Ta Ishengoma akashuka taratibu, akalitazama lile gogo, akanitazama mimi.

"Waitu, unazuia lori lisifike Kamachumu?"

"Hapana, Ta."

"Kwa hiyo unamzuia nani? Kamachumu isishuke?"

Dereva alicheka mpaka akasahau kushika breki vizuri, na hapo Ta Ishengoma akasukuma gogo lingine nyuma ya gurudumu kwa mguu wake, bila haraka, kama mtu anayesogeza kigoda. Alinifundisha kwamba gogo halitupwi, linawekwa. Unaliweka ukiwa ubavuni, usiwe nyuma ya lori hata kidogo. Unashika ncha yake, vidole visiingie chini. Gogo la mti mbichi linateleza, la mti laini linapasuka. Unakata mti mgumu, unaukausha kivulini mpaka uwe mweusi. Akanifundisha kunusa. Ukisikia harufu kama kwato zinaungua, breki zimechoka, usingoje dereva akuite, maana dereva hataki kukubali mbele ya taniboi kwamba breki zimechoka. Akanifundisha na kusimama: magoti yalegee, usikaze mwili, lori likiruka uruke nalo.

Yote hayo niliyajua siku niliyoanguka. Nayasema mapema kwa sababu baadaye mtasikia watu walisema Rwezaula, yaani mimi, alianguka kwa kutojua kazi.

Lori lilikuwa la Nurali, Mhindi aliyekuwa na duka Kamachumu na magari mawili ya kupeleka kahawa gatini Bukoba. Dereva alikuwa Mutalemwa. Namtaja Mutalemwa kwa sauti ileile ninayomtaja Kaijage, ingawa tulikula sahani moja miaka mingi. Tulipakia asubuhi, tukaanza kushuka. Mvua zilikuwa zimechimba barabara. Hapa kwenye kona, upande wa anayepanda, palikuwa na korongo lililokula barabara hadi karibu na katikati. Mwenye gari linalopanda alitakiwa kusimama, asikilize, apige honi, ndipo alizunguke korongo polepole. Kaijage alikuwa amenunua pikapu yake karibuni. Gari jipya halikutaka kusimama.

Nilisikia injini yake kabla sijamwona. Mutalemwa naye alisikia, lakini akadhani ni mwangwi wa kwetu. Halafu nikaona kioo kinawaka jua mbele yetu, upande wetu, si katikati, upande wetu kabisa. Mutalemwa akakata usukani kushoto na kukanyaga breki kwa miguu miwili. Lori likaingiza pua kwenye ukingo wa udongo na kusimama kama limefungwa kamba. Magunia hayakusogea, nilikuwa nimeyafunga mwenyewe. Pikapu ikapita. Kati ya chuma chake na chetu ungeweza kupitisha kiganja, labda.

Mimi sikusimama. Niliendelea na safari. Nilipita juu ya majani, nikaangukia mawe ya mfereji, na gogo likanifuata. Lilinikuta ugokoni. Sauti niliyoisikia ni kama mtu amevunja kuni kavu jirani, nikajiuliza nani anavunja kuni saa hizi.

Kaijage alisimama mbele kidogo, akatoa kichwa nje.

"Mutalemwa, umejifunzia wapi kuendesha? Shukuru Mungu hatukugusana."

Akatia gia akaenda. Siku ile sikujua kama aliniona. Yeye alisema hakuniona. Nawaandikia alivyosema.

Mutalemwa akashuka. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hili ndilo lililonifundisha watu. Kabla ya kunitafuta mimi alikwenda mbele ya lori, akainama, akapapasa bampa. Akazunguka, akapapasa ubavu. Akafurahi.

"Haina hata mkwaruzo," akasema. "Rwezaula, toka huko twende, meli haitungoji."

"Sitoki."

"Kwa nini?"

"Mguu umekataa."

Alipokuja akaona jinsi unyayo ulivyogeuka kutazama nyuma, akakaa chini. Alilia, siwezi kumnyima hilo. Akanipandisha juu ya magunia, akanipeleka hospitali ya misheni. Huko wakauvuta mguu, wakaufunga plasta, wakaninyoosha kitandani kama samaki anayekaushwa.

Nilikuwa bado kitandani Kaijage alipokuja. Alikuja na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, na kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, na nyuma yake mama yake, Ma Nyangoma, amejifunga vitenge viwili na uso wa mtu anayekwenda kanisani. Mke wangu Koku alikuwepo. Koku ameokoka, pombe hata harufu yake haipendi, akavuta kigoda chake kando.

Ninyi mliozaliwa juzi mnaona lubisi ni kitu cha kunywa. Kwetu kibuyu kina kazi nyingi. Kuna cha kumtembelea mgonjwa: yeyote anamimina, mnakaa, mnaongea habari za ng'ombe. Na kuna cha toba. Aliyekosa hakai kwenye kigoda, anachuchumaa. Anamimina mwenyewe, anaonja kwanza, anasema neno lake, anakupa. Ukinywa na kutafuna kahawa aliyokupa, umemfungua. Huwezi tena kwenda kumshtaki wala kumkunjia uso. Shauri limekwisha.

Kaijage alichuchumaa. Akamimina, akaonja, akanipa. Akasema, "Ta Rwezaula, pole. Mambo ya barabara."

Nilikuwa na kiu ya plasta, wanaoijua wanaijua. Na nilifurahi, lazima niseme, kwamba mtu mwenye gari amechuchumaa mbele ya kitanda changu. Nikanywa. Nikatafuna kahawa. Ma Nyangoma akapiga makofi mara moja, taratibu, kama mtu anayefunga mlango.

"Limekwisha, mwanangu," akaniambia.

"Limekwisha, Ma," nikajibu.

Kwa hiyo wakati ule sikuwa na shauri na mtu. Nilikuwa nangoja mguu upone nirudi kwenye kibao changu.

Mguu ukapona mfupi. Walipokata plasta nikasimama, nikajikuta natazama dunia kwa upande. Nikaenda Kamachumu kwa Nurali na fimbo. Nurali hakuwa mtu mkali. Aliniagizia chai, akaniletea kiti.

"Rwezaula, mimi nakupenda," akasema. "Lakini taniboi asiyeweza kuruka, nimfanyie nini? Na dereva wangu anasema uliruka mwenyewe."

"Niliruka?"

"Anasema ulidhani lori linarudi nyuma, ukaruka, ukaangukiwa na gogo lako. Gari halina kosa. Nimelitazama, halina alama."

Chai ile sikuimaliza. Nilipata lori la kunipeleka Bukoba, nikamkuta Mutalemwa mtaa wa Bilele, kwenye nyumba waliyokuwa wanapanga madereva. Alikuwa anafua shati. Aliponiona akaendelea kufua, shati lile lingetoboka.

"Mutalemwa, mimi niliruka?"

"Kaa kwanza, ndugu yangu."

"Nikikaa kusimama ni kazi. Niliruka?"

"Ungetaka niseme nini? Niseme niliyumba na lori la watu? Leseni ingekwenda. Nina watoto."

"Sema Kaijage alikuwa upande wetu. Ndiyo kweli."

Akakamua shati. "Kaijage ndiye anayenunua kahawa ya baba mkwe wangu. Anainunua vizuri. Wewe mwenyewe umekunywa lubisi yake, nimesikia. Sasa mimi niliyekuwa na usukani nigombane naye kwa jambo ambalo wewe mwenye mguu umelimaliza?"

Hilo la lubisi lilikuwa kweli, na lilinikasirisha kuliko uongo wake.

Nikaenda ofisi moja pale mjini iliyokuwa inapokea mambo ya wafanyakazi walioumia. Nilikuwa nimesikia kuna sheria ya Mwingereza kwamba mtu akiumia kazini anapewa fidia. Karani aliyekuwa mezani aliitwa Kristofa. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni na hakuna hata moja aliyoitoa.

"Uligongwa na gari gani?"

"Sikugongwa. Gari la Kaijage lilikuja upande wetu, letu likakwepa, mimi nikaanguka."

"Magari yaligongana?"

"Hapana."

"Basi ajali iko wapi? Ajali ni kitu na kitu kingine. Wewe uligongana na nini?"

"Na ardhi."

"Basi ishtaki ardhi," akasema, na waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na mimi ningecheka kama ingekuwa mguu wa mwingine. Mmoja wao alikuwa mtu wa Kamachumu. Nilipofika nyumbani neno lilikuwa limenitangulia. Sokoni walikuwa wananiita Aliyegongwa na Upepo. Watoto wadogo nao. Napita, mtu anashika kofia yake: "Jamani shikeni nguo, upepo uliomgonga Rwezaula unarudi."

Vijana, mguu unauma kwa wakati wake, mvua ikikaribia. Maneno yale yaliuma kila saa. Fidia niliitaka, nilikuwa na mke na watoto, na kazi niliyoijua ilihitaji miguu miwili inayolingana. Lakini nilitaka zaidi mtu mmoja tu aseme mbele ya watu: jambo hili lilitokea. Kwa jinsi walivyolipanga, gari halina alama, dereva hana kosa, mwenye pikapu hakugusa. Aliyebaki na alama ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa mwongo.

Nikamwambia Koku nakwenda baraza la gombolola, wanakoamua mashauri ya eneo letu, kumshtaki Kaijage.

"Mtu aliyekwisha kunywa lubisi ya toba anakwenda barazani?" akasema. "Watakucheka."

"Wamekwisha kuanza. Waache wamalize."

Aliniwekea ndizi za kula njiani.

Nilikwenda na gogo begani. Siku ile baraza lilijaa, maana habari ya mtu anayeshtaki upepo ni nzuri kusikiliza. Mkuu wa baraza alikuwa mtu mzima asiyependa kelele, ana wazee wawili pembeni.

"Hilo gogo la nini?" akaniuliza.

"Shahidi wangu, waitu. Wa kwangu mwingine amebadilika."

Watu wakacheka. Mutalemwa akatazama viatu vyake. Alipoitwa akasema aliyokwisha kumwambia Nurali: Rwezaula aliruka. Kaijage akasimama na koti lake. Alisema vizuri, ana sauti nzuri, mnaijua.

"Waheshimiwa, mimi sikumgusa mtu huyu. Gari langu halikugusa lori. Lori halikugusa gari langu. Aliyemvunja mguu ni gogo lake, amelileta mwenyewe mlione. Nilipe kwa kitu gani?"

Mkuu akanigeukia kama nina neno. Nikasema lililokuwa moyoni: alikuwa upande wetu, asingekuwa upande wetu nisingerushwa wala kuanguka wala kuwa hapa. Mzee mmoja akauliza nani aliona. Nikasema Mutalemwa aliona. Mutalemwa akasema hakuona vizuri, jua lilikuwa machoni. Nikajua nimeshindwa. Niliona watu wa nyuma wameanza kusogea kutoka, mchezo umeisha.

Na ungekuwa umeisha, kama Kaijage angekaa. Lakini Kaijage hapendi kushinda kidogo. Anapenda kushinda na kufunga kamba.

"Na hata kama lingekuwapo jambo," akasema, "waheshimiwa, lilikwisha. Nilimpelekea kibuyu hospitali, akanywa, akatafuna kahawa. Mama yangu yupo hapa, aliona kwa macho yake. Mtu akinywa halafu aje kushtaki, huyo ni mtu wa namna gani?"

Wazee wakanong'onezana. Mkuu akaniuliza, "Ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Na kahawa?"

"Nilitafuna."

Watu wakaguna. Mkuu akasema mama aitwe. Ma Nyangoma akaja mbele, hakutaka fimbo, akasimama wima. Hakuja kumharibia mwanawe. Nataka mlijue hilo. Alikuja kutetea nyumba yake.

"Ma, ni kweli mwanao alimpelekea huyu kibuyu?"

"Ni kweli, na mimi ndiye niliyemwambia apeleke. Yeye alitaka kupeleka sukari."

"Kwa nini ukamwambia kibuyu?"

"Sukari inapelekwa kwa aliyejifungua," akasema Ma. "Alikuja nyumbani siku ile, chakula hakula. Nikamwuliza, una nini? Akaniambia, Mama, nimechukua barabara ya watu, mtu ameanguka nimemwacha huko. Nikamwambia, nyumba hii haijawahi kumwacha mtu chini ikaenda zake. Utakwenda, na utachuchumaa."

Kaijage akasema kwa sauti ya chini, "Mama, jibu ulichoulizwa tu."

"Nimekuzaa mimi. Hutanifundisha la kujibu."

Mzee mmoja akainama mbele. "Ma, alikwambia alikuwa upande gani wa barabara?"

"Upande wa lori. Ungetaka aende wapi? Upande wake una korongo, na gari lilikuwa jipya."

Nawaambia, baraza lilicheka mpaka mkuu akagonga meza. Ma Nyangoma akageuka, akawatazama watu, hakuelewa kinachochekesha. Halafu akamtazama mwanawe usoni, na hapo akaelewa. Sijasahau alivyobadilika. Alidhani Kaijage amesema kweli barazani kama alivyosema nyumbani, na yeye ameitwa kusema tu kwamba imekwisha malizwa kiungwana.

Lakini bado nilikuwa nimekunywa. Kaijage akaliona hilo tundu, akaingia. "Vyema, niseme nilikosa. Nikatubu. Akanywa. Limekwisha."

Mkuu wa baraza akawatazama wazee wake. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi, kwa hasira zangu zote, sikuwahi kujiuliza.

"Alipokupa kikombe alisema neno gani?"

Nikafikiri. "Alisema pole. Mambo ya barabara."

"Alitaja alichokosa?"

"Hakutaja."

Mkuu akamgeukia Ma. "Ma, ulikuwepo. Alikitaja?"

Angeweza kusema alitaja. Nani angembishia, mimi na mke wangu aliyekuwa ametazama ukutani?

"Hakukitaja," akasema. "Nilidhani anaona haya mbele ya wagonjwa."

Wakatoka wazee, wakarudi. Mkuu akasema mtu anayechuchumaa bila kutaja kosa lake ameinama kuokota kitu tu. Kibuyu ambacho kosa halikutajwa ni cha kumtazama mgonjwa, na kwa kumtazama mgonjwa Kaijage anashukuriwa. Shauri halijafungwa. Na kuhusu kugusana, akasema aliyemfukuza mtu kwenye njia yake amemgusa. Akamwamuru Kaijage alipe fidia ya mguu, na alete kibuyu kingine, na safari hii kosa alitaje hapo hapo nje mbele ya watu wote.

Fidia ilikuja kwa vipande, na kila ilipochelewa Ma Nyangoma alimleta mwanawe kwa miguu, yeye mbele, Kaijage nyuma, sokoni kote wanawaona. Haikutosha mguu. Hakuna inayotosha. Ilitosha mabati haya, na birika, na haki ya kukaa hapa kwenye kona, mahali nilipochagua mwenyewe. Mutalemwa aliacha usukani, siku hizi analima huko Ngenge. Akipita namuuzia chai kama watu wengine, ila sukari yake huwa imeisha.

Kwa hiyo mkianguka, msiondoe gari kabla watu hawajaona magurudumu yako wapi. Mimi niliondolewa pamoja na lori, alama zikafa. Walio mashambani karibu waiteni kwa majina waje watazame. Msikubali dereva aseme "haina mkwaruzo" kabla hajawatazama ninyi. Na mkiletewa kikombe kitandani, mwulizeni aliyeleta ni cha nini. Asiposema, kiwekeni chini, hata kama kiu inawaua.

Sasa nimjibu yule kijana wa lori la mbao. Kaijage alileta kile kibuyu cha pili. Alichuchumaa nje ya baraza, watu wamezunguka, akamimina, akaonja.

"Nilichukua barabara yako," akasema, "ukaanguka."

"Upande wa nani?" nikamwuliza.

"Upande wenu."

"Halafu?"

"Halafu nikaenda zangu."

Akaninyooshea kikombe. Watu wote walikuwa wananitazama mimi, si yeye. Lile jina walilokuwa wananiita, nilitazama midomo yao, hakuna aliyekuwa nalo.

"Nimesikia," nikamwambia. "Lakini sinywi."

Baraza lilikuwa na uwezo wa kumwamuru alete. Kuniamuru mimi nimeze hawakuwa nao. Kaijage akakiweka kikombe chini, akaacha na kibuyu, akaondoka. Kibuyu ndicho hicho kinachoning'inia juu ya birika, mnachodhani ni cha maji. Koku anakitaka kwa mbegu za maharage. Nimemkatalia.

Ma Nyangoma alikuja hapa mara moja kabla hajafa. Alikaa hapo kwenye benchi mnapokaa.

"Mwanangu, utakunywa lini?"

"Siku atakayokuja bila baraza na bila wewe, Ma. Asimame hapa mwenyewe, azime injini."

"Nitamwambia," akasema.

"Ukimwambia atakuwa amekuja na wewe."

Akacheka kidogo, akanywa chai yake, akaenda.

Korongo lilikwisha kuzibwa na watu wa barabara siku nyingi. Upande wake sasa ni mpana, malori mawili yangepita. Lakini Kaijage akifika hapa hupanda majani, ananiachia barabara yote, magurudumu ya kushoto yote nje ya barabara, amekaza macho mbele. Kati yetu kibuyu kiko wazi, shauri halijafungwa, na yeye anakijua kilipo. Juzi, mkiwa mmekwisha ondoka, alipunguza mwendo. Akapunguza tena, hata nikasikia mawe madogo chini ya tairi moja moja. Sikuinuka. Nilivuta kigoda mbele kidogo, nikaunyoosha mguu mfupi kuelekea barabarani, auone vizuri.

Injini haikuzima. Akapanda majani, akapita.